Kilobiti 320 Zenye Sauti ya 128

Redio ya mtandaoni ikitaka kujisifu hutaja namba. Chini ya jina la kituo kutaandikwa 128, 192 au 320, na wakati mwingine herufi HD zimebandikwa pembeni. Msikilizaji aliyepania kurekodi kipindi cha taarab cha usiku, au tamasha linalorushwa mubashara, huiona namba hiyo, akaridhika, akabonyeza kitufe. Saa tatu baadaye ana faili la megabaiti 432, bando limekata, na kayamba kwenye wimbo wa kwanza hazina makali yoyote.

Namba haikumdanganya, ilijibu swali ambalo hakuliuliza. Kilobiti kwa sekunde hueleza ni data kiasi gani inayopita kila sekunde. Haielezi sauti iliyomo ndani ya data hiyo ilipitia wapi kabla ya kufika hapo, na safari hiyo ndiyo inayoamua kama rekodi itafaa kusikilizwa tena au itaishia kufutwa.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilibeba sampuli 44,100 za sauti kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa chaneli mbili za kushoto na kulia. Zidisha, utapata takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Mfumo wa MP3, ambao watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walikuwa na mkono mkubwa katika kuubuni, huishusha hadi 128, yaani karibu sehemu moja tu ya kumi na moja. Hauwezi kufanya hivyo bila kutupa. Hutafuta sauti ambazo sikio halitazikumbuka: mlio mdogo uliofunikwa na mkubwa ulio jirani yake, milio ya juu kabisa ambayo watu wazima wengi hawaisikii tena, tofauti ndogondogo kati ya spika ya kushoto na ya kulia. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi, na MP3 ya 192 iliyobanwa vizuri kutoka kwenye CD huwapita watu wengi bila kuishtukia. Lakini kilichotupwa kimetupwa.

Maziwa yakishatiwa maji, kuyahamishia kwenye ndoo kubwa hakuyafanyi mazito. Faili la 128 likifunguliwa na kubanwa upya kwa 320, linakuwa kubwa mara mbili na nusu na halipati hata chembe ya kile lilichopoteza. Tena huharibika zaidi kidogo, kwa sababu enkoda (programu inayobana sauti) ya pili nayo hutupa vya kwake, ikifanya kazi juu ya sauti ambayo tayari ina makovu.

Ni nadra kituo kufanya hivyo kwa hila. Maktaba ya nyimbo ya redio hujengwa kwa miaka, na watu tofauti, kwa haraka. Humo mna nyimbo zilizotolewa kwenye CD, zilizoletwa na wasanii kwenye flashi, na zilizochomolewa YouTube, ambako kwa kawaida sauti hutoka kwa mifumo mingine ya kubana: AAC ya takriban kilobiti 128 au Opus inayofikia 160 hivi. Kompyuta ya studio inazicheza zote kwa mfuatano, kisha mwishoni mwa mnyororo inakaa enkoda ambayo fundi, kwa nia njema kabisa, ameiwekea 320. Kila kitu kinachopita hapo kinatoka na lebo moja.

Lebo yenyewe hutoka sehemu mbili, na ni vyema kuzitenganisha. Seva za SHOUTcast na Icecast, ambazo vituo vingi vidogo na vya kati huzitumia, humtumia msikilizaji maelezo mafupi kabla ya sauti kuanza: jina la kituo, aina ya muziki, na mstari unaoanza na "icy-br" ukifuatiwa na namba ya kilobiti. Mara nyingi namba hiyo imetokana na mipangilio iliyojazwa na mtu. Fundi akibadilisha enkoda mwaka ujao na kusahau kurekebisha maelezo, mstari utaendelea kutangaza mambo ya zamani, na saraka za redio zitaunakili kama ulivyo.

Sehemu ya pili iko ndani ya sauti yenyewe. MP3 husafiri kwa vipande vidogo. Kila kipande kina sampuli 1,152, ambazo kwa kasi ya sampuli 44,100 ni kama milisekunde 26 za muziki. Mwanzoni mwa kila kipande kuna baiti nne za utambulisho, na humo enkoda imeandika kasi ya biti iliyotumika. Kwa 128, kipande kina baiti 417 au 418. Hapo hakuna wa kudanganya, maana namba ikikosewa programu ya kuchezea itashindwa kujua kipande kinachofuata kinaanzia wapi. VLC huonyesha habari hizi: kwenye Windows au Linux, bonyeza Ctrl na J wakati kituo kinacheza, dirisha litafunguka likiwa na aina ya kodeki (yaani mfumo wa kubana), idadi ya chaneli na kasi ya sampuli. Kurasa zake za takwimu huonyesha kasi halisi ya data inayoingia. Wanaopendelea kuandika amri hutumia ffprobe, ambayo hutoa mambo hayohayo kwa mstari mmoja.

Asiye na kompyuta anaweza kupima kwa simu, tena kwa kifaa ambacho kila mwenye bando anakifahamu: mita ya data. Fungua redio kwa dakika kumi bila kitu kingine kutumia mtandao, kisha angalia programu hiyo imekula kiasi gani. Kilobiti 128 kwa sekunde ni baiti 16,000 kwa sekunde, kwa hiyo dakika kumi ni megabaiti 9.6. Kwa 64 ni 4.8, kwa 48 ni 3.6, na kwa 320 ni megabaiti 24. Kituo kinachojiita 128 na kinachokula megabaiti 4.8 kimeshajieleza.

Dakika kumi ni bora kuliko sekunde kumi. Seva ya Icecast, isipobadilishwa mipangilio, humtupia msikilizaji mpya kama kilobaiti 64 kwa mkupuo ili muziki uanze bila kusubiri, na kwa kituo cha 128 huo ni mzigo wa sekunde nne uliofika papo hapo. Anayepima mwanzo tu ataona kasi ambayo haipo.

Mpaka hapo kilichojulikana ni uzito. Kujua kilichomo kunahitaji kuitazama sauti, na programu za bure zinatosha. Rekodi dakika mbili au tatu za muziki bila kuzibadilisha umbo, kisha zifungue kwenye Spek, au kwenye Audacity kwa kuchagua mwonekano wa spektrogramu. Picha inayotokea ina muda kwenda kulia, masafa kupanda juu, na rangi kuonyesha nguvu ya sauti. Chini kabisa, kwenye makumi na mamia ya hezi, linakaa gitaa la besi na ngoma. Katikati sauti ya mwimbaji. Juu, kuelekea kilohezi 20 ambako kusikia kwa binadamu kunaishia, zimo kayamba, matoazi na herufi za "s" na "sh".

Kinachotafutwa ni dari. Enkoda ya LAME, ambayo imetengeneza MP3 nyingi zilizopo duniani, ikipewa 128 hukata kila kitu kuanzia kilohezi 16 au 17 hivi ili biti chache ilizonazo zitumike kwenye milio inayosikika zaidi. Ikipewa 192 hukata karibu na 19, na kwa 320 karibu na 20. Kwenye picha, mkato huo huonekana kama mstari ulionyooka: chini yake rangi, juu yake giza tupu, wimbo mzima. Kituo cha 320 ambacho nyimbo zake zote zinagonga dari kwenye kilohezi 16 kinatumia kilobiti nyingi kubeba nyimbo ambazo kwa uwezekano mkubwa zilikuwa za 128.

Dari peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Kuna njia nzuri ya kumjua mhusika, nayo ni kusubiri mtangazaji aingie hewani. Maikrofoni ya studio haikupitia maktaba ya nyimbo. Imekwenda moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti na kisha kwenye enkoda. Mtangazaji akisema "msikilizaji", zile "s" huchora miale inayopanda hadi mwisho wa uwezo wa matangazo. Ikiwa miale yake inafika kilohezi 19 au 20 huku wimbo uliomtangulia ukiwa umekwama 16, basi matangazo ni mazima na tatizo ni faili la wimbo. Wimbo unaofuata unaweza kuwa umetoka kwenye CD na ukarekodika vizuri sana. Ikiwa mtangazaji na nyimbo wote wanagota mahali pamoja, kisa ni cha kituo kizima.

Mahali hapo pakiwa kilohezi 15 kamili, dhana ya kwanza iwe FM. Njia rahisi ya kupeleka kituo cha FM mtandaoni ni kuchomeka redio ya kawaida kwenye kompyuta na kurusha kinachosikika. Lakini mfumo wa FM wa stereo huishia kilohezi 15 kwa upande wa sauti, kwa sababu kwenye kilohezi 19 kuna mlio wa kudumu unaoiambia redio kwamba matangazo ni ya stereo. Redio isiyouchuja vizuri mlio huo huuacha upite, na kwenye spektrogramu unaonekana kama uzi mwembamba ulionyooka kwenye 19, ukielea peke yake juu ya giza. Mtu akiuona uzi huo ameiona antena. Kurekodi kituo hicho kwa 320 ni sawa na kurekodi redio ya mezani, pamoja na mikwaruzo yake siku ya mvua.

Uzi wa namna hiyo kwenye hezi 15,625 una chimbuko jingine: ni mlio wa televisheni za zamani za kioo cha bomba, mistari 625 ikichorwa mara 25 kila sekunde. Rekodi nyingi zilizofanyika karibu na skrini hizo zimeubeba. Kwa anayechunguza ubora ni dalili njema kidogo, kwani unaonyesha kwamba hakuna aliyekata chini ya hapo.

Na kuna rekodi ambazo hazikuwahi kuwa na kitu huko juu. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, mitambo ya wakati huo ilinasa masafa machache tu ukilinganisha na ya leo. Zaidi ya hapo kinachosikika ni mkwaruzo wa sahani. Bendi zilizorekodiwa kwenye mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam nazo mara nyingi hazina milio mingi kwenye kilohezi 16. Mtu akitazama spektrogramu ya nyimbo hizo na kuiona tupu kwa juu, asikimbilie kuilaumu redio. Kinachotofautisha ni umbo la ukingo. Sauti ya zamani hufifia polepole kuelekea juu, rangi ikipauka hadi kupotea, na mara nyingi vumbi la mkanda au la sahani linaendelea kupanda hadi mwisho. Enkoda hukata kwa panga. Mstari ulionyooka kwenye 16 juu ya vumbi la sahani ya mwaka 1928 unamaanisha kwamba mtu aliibana sahani hiyo kwa kompyuta.

Mtego mkubwa zaidi kwenye njia hii ya picha ni HE-AAC, ambayo vituo vya kilobiti 32 hadi 64 huipenda, na ambayo ukurasa wa kituo huenda ukaiita AAC+. Enkoda yake hubana kwa ukweli nusu ya chini tu ya masafa. Nusu ya juu haitumwi. Yanatumwa madokezo madogo ya nguvu yake, na simu ya msikilizaji huinakili sauti ya chini, kuipandisha na kuipaka rangi kwa kufuata madokezo hayo. Kwa hiyo spektrogramu inaweza kujaa hadi kilohezi 16 na zaidi, ikapendeza kuliko ya MP3 ya 128, ilhali sehemu kubwa ya kilicho juu ni makisio. Kwa kusikiliza kwenye daladala ni teknolojia nzuri mno, na kwa bando dogo inafaa sana. Kwa kuhifadhi muziki ni suala jingine, hasa toleo lake la pili, ambalo hutuma chaneli moja pamoja na maelekezo ya kuigawa kushoto na kulia. Ishara yake hupatikana kwenye maelezo ya kodeki: baadhi ya programu hutaja kasi ya sampuli 22,050 au 24,000, nyingine huandika wazi HE-AAC. Kwenye vituo vinavyorusha kwa orodha ya vipande, yaani faili la m3u8, huandikwa mp4a.40.5 kwa HE-AAC, mp4a.40.29 kwa toleo la pili, na mp4a.40.2 kwa AAC ya kawaida.

Orodha hizo za m3u8 zina tabia yake. Kituo hutayarisha matangazo yaleyale kwa ngazi kadhaa za ubora, na programu ya msikilizaji huchagua ngazi kulingana na nguvu ya mtandao, ikipanda na kushuka bila kuuliza. Anayerekodi anaweza kuanza juu, mtandao ukayumba kidogo saa mbili usiku, na katikati ya wimbo sauti ikashuka ngazi mbili. Dawa ni kuifungua orodha, ambayo ni maandishi ya kawaida, na kuchukua anwani ya ngazi moja badala ya orodha nzima.

Ngazi zenyewe si lazima ziwe sawa kwa watu wote. BBC Radio 3, inayorusha muziki wa okestra, ilijaribu AAC ya 320 mwaka 2010 wakati wa matamasha ya Proms, kisha ikaifanya huduma ya kudumu. Lakini ngazi hiyo ya juu iliwalenga wasikilizaji wa Uingereza. Kwa miaka mingi aliyekuwa Nairobi au Muscat alifungua kituo hichohicho, akasikia tamasha hilohilo, na kupewa HE-AAC ya 96 au 48. Ushauri wa ndugu aliyeko London kwamba "hicho kituo ni 320" ulikuwa wa kweli kwake tu.

Picha na mizani zikishafanya kazi yake, sikio ndilo linalopiga muhuri, na linafaa kulengwa mahali penye dalili. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha. Kayamba, tari na makofi ya hadhira ndivyo vinavyoiadhibu enkoda, kwa sababu ni milio mingi ya ghafla isiyo na mpangilio. Kwenye sauti iliyobanwa kupita kiasi huyumba na kulowa, na mpigo wa kwanza haujulikani ulipoanzia. Kanuni, chombo cha nyuzi cha taarab, hufichua kosa jingine: enkoda hushughulikia sauti kwa vipande, hivyo uchafu wa mchomo mkali wa uzi husambaa hadi nyuma kidogo ya mchomo wenyewe, na kila noti hutanguliwa na mfyonzo hafifu. Mazungumzo hayafai kwa jaribio hili la sikio, na matangazo ya biashara hayafai kabisa, kwani mara nyingi huchomekwa na mtambo mwingine.

Sikio linaweza kufunzwa pia. Radio Paradise ya Marekani, iliyoanza mwaka 2000, hutoa muziki uleule kwa ngazi kadhaa za AAC na MP3 na pia kwa FLAC, ambayo hubana bila kutupa kitu. Saa moja ya kuruka kati ya ngazi hizo, wimbo mmoja baada ya mwingine, hufundisha zaidi ya maelezo yoyote, na wengi hugundua kwamba pengo kati ya 64 na 128 ni kubwa kuliko kati ya 192 na FLAC.

Kuna uharibifu ambao namba, dari na kodeki haviugusi. Vituo vingi hupitisha kila kitu kwenye mashine ya kusawazisha nguvu, ili wimbo wa taratibu na wa disko zitoke kwa kelele ileile. Ukikuza picha ya mawimbi kwenye Audacity utaona ukuta uliojaa bila bonde. Faili la FLAC halina la kufanya mbele ya hilo. Mwenye mapenzi na wimbo huo anunue nakala yake, na hapo msanii naye atapata chake. Rekodi ya redio ni ya kusikiliza nyumbani, kuipandisha mtandaoni bila idhini ni kesi ya hakimiliki.

Baada ya uamuzi wa kurekodi kufikiwa, kilichobaki ni kutokuongeza hasara. Rekodi iwe ni nakala ya data kama ilivyofika: VLC hufanya hivyo kama haikuelekezwa kubadilisha umbo, ffmpeg hufanya hivyo ikipewa agizo la kunakili kodeki, na Streamripper ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Kituo cha AAC ya 64 kibaki AAC ya 64. Programu zinazorekodi kinachotoka kwenye spika na kukibana upya kuwa MP3 huongeza tabaka jingine la uchakavu, na zile za simu zinazotumia maikrofoni huongeza na feni ya sebuleni. Kukata mwanzo na mwisho nako kuna namna. Audacity hufungua MP3, na wakati wa kuhifadhi huibana tena. mp3DirectCut hukata kwenye mipaka ya vile vipande vya milisekunde 26 bila kugusa sauti, na faili linalotoka lina baiti zilezile zilizotumwa na kituo, ila chache.